Maisha ya Marehemu Shaaban Robert na Kitabu cha Siti binti Saad

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Marehemu Shaaban bin Robert alizaliwa tarehe 1 Januari, 1909, katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga. Wazee wake walikuwa na asili ya Kiyao, na kwa hiyo sisi watu wa Ruvuma tunaweza kusema, bila ya kulazimisha undugu, kwamba asili yake haikuwa mbali na ya jirani zetu wa Tunduru. Lakini yeye mwenyewe hakupenda kuitwa kwa kabila hilo. Alijihesabu Mswahili, na lugha ya Kiswahili aliipa heshima kama mtoto mwema anavyompa mama yake. Jina la Robert limewatatanisha wengi madarasani, hata wako wanaodhani kwamba alibatizwa. Sivyo. Alikuwa Mwislamu, na Robert lilikuwa jina la baba yake.

Wasomaji wengi wa gazeti hili wanamjua kwa mashairi yake na kwa Kusadikika. Mimi nataka kumweleza Shaaban mwingine, ambaye walimu wetu humtaja kwa haraka kidogo: mtu aliyeandika habari za kweli, yaani maisha yake mwenyewe na maisha ya mwimbaji mmoja wa Unguja, na aliyehangaika miaka mingi ili maandishi yake yapigwe chapa na kuwafikia watu. Kitabu tunakichukua rafuni kama tunavyookota embe chini ya mti, wala hatuulizi nani aliupanda. Sisi wa Peramiho hatuna udhuru wa kutojua, maana kazi ya kupiga chapa iko mlangoni petu. Vitabu vingi vya Kiswahili katika nchi hii vina maneno Ndanda-Peramiho katika ukurasa wa mbele, na kila aliyepata kuiona kazi ya Wabenediktini anajua kwamba karatasi, wino, mashine na mikono ya watu huja kwanza, ndipo kitabu kije.

Shaaban alisoma Dar es Salaam tangu mwaka 1922 hata 1926, akapata cheti chake. Kwa hesabu ya leo elimu hiyo ni ndogo, haifiki hapa tulipo sisi. Yaliyobaki alijifundisha mwenyewe kwa kusoma. Kiingereza alikijua vya kutosha hata akaweza kuyatia mashairi ya Omar Khayyam katika Kiswahili kutoka katika tafsiri ya Kiingereza. Mwaka ule ule wa 1926 aliingia kazi ya ukarani katika Idara ya Forodha, akakaa humo miaka 18. Mwaka 1944 alihamishiwa Idara ya Wanyama huko Mpwapwa, mwaka 1946 akarudi Tanga katika ofisi ya Serikali, na tangu 1952 hata 1960 alikuwa katika Idara ya Upimaji. Jumla yake ni miaka 34 ya kuandika barua na hesabu za watu wengine. Vitabu vyake vyote, zaidi ya 20, alivitunga nje ya saa za kazi, isipokuwa vichache vya mwisho. Mtu anayesema hana nafasi ya kusoma kwa sababu ya zamu ya jikoni au ya bustani na alifikiri jambo hilo.

Mlango wa kwanza aliobisha ulikuwa gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na Serikali mwaka 1923. Gazeti hilo lilikuwa na nafasi ya mashairi, na watu wa pwani na bara walijibizana humo mwezi kwa mwezi. Shaaban alituma yake, yakatolewa, na jina lake likaanza kujulikana na watu ambao hawakupata kumwona kwa macho. Naona jambo hili lilikuwa na maana kubwa kuliko tunavyodhani. Siku hizi mtunzi hutoa kitabu kwanza, halafu akahangaika kutafuta wasomaji. Shaaban alikuwa na wasomaji kabla ya kuwa na kitabu. Mtu aliyesoma shairi lake akiwa Tabora au Lindi alikuwa tayari kununua kitabu chenye jina lile lile mgongoni.

Kitabu chake cha kweli cha kwanza ni Maisha Yangu, kilichotolewa na kampuni ya Nelson ya Uingereza mwaka 1949. Mkewe Amina alikuwa amefariki, akabaki na watoto. Baba huyo, karani wa mshahara mdogo, alifikiri awaachie nini, akawatungia tenzi mbili za mausia: Utenzi wa Hati kwa ajili ya binti yake Mwanjaa, na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe Suleiman. Tenzi hizo alizitia ndani ya habari za maisha yake, pamoja na habari za uhamisho wake wa kwenda Mpwapwa wakati wa vita na shida za safari ile. Kwa hiyo kitabu kile kina sura mbili, kama kanga yenye mji na pindo: katikati ni wosia wa baba kwa watoto, na pembeni ni habari ya mtumishi Mwafrika chini ya Serikali ya kikoloni. Yamkini wapiga chapa walipenda wosia, maana ulifaa shuleni, na habari zile nyingine zikapita pamoja nao.

Lazima nieleze hapa kwamba kuandika maisha yako mwenyewe kwa Kiswahili halikuwa jambo la kawaida wakati ule. Martin Kayamba, mtumishi mwingine wa Serikali kutoka upande ule ule wa Tanga, habari za maisha yake zilitoka London mwaka 1936, lakini kwa Kiingereza, ndani ya kitabu kilichokusanywa na Bibi Margery Perham. Kwa Kiingereza zilisomwa na mabwana. Shaaban alitaka zake zisomwe na jirani yake.

Sasa tutazame jinsi kitabu kilivyokuwa kikitoka zamani hizo. Mtunzi aliandika mswada wake kwa mkono au kwa taipu, akaufunga, akaupeleka posta. Tanganyika haikuwa na kampuni kubwa ya vitabu. Maisha Yangu na Kusadikika (1951) vilikwenda kwa Nelson, Adili na Nduguze (1952) kwa Macmillan, na Pambo la Lugha pamoja na Kielezo cha Insha vilitolewa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, huko Afrika Kusini. Fikiri, msomaji: mashairi ya Kiswahili ya mtu wa Tanga, kupigwa chapa Johannesburg! Bahasha ilikwenda kwa meli, majibu yalirudi kwa meli, karatasi za kusahihishwa zikaja na kurudi vivyo hivyo, na katika mji ule mpanga herufi hakuijua lugha aliyokuwa akiipanga. Miezi ilipita kwa neno moja lililokosewa.

Halafu kulikuwa na kibali. Tangu mwaka 1930 ilikuwako Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki, na moja ya kazi zake ilikuwa kuvikagua vitabu vya shule na kuthibitisha kwamba Kiswahili chake ni sanifu. Miaka yake ya kwanza Kamati hiyo haikuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja. Jambo hili lanichekesha na kunihuzunisha pamoja: lugha ya mtu kupimwa na wageni, naye mwenyewe yuko nje barazani akingoja matokeo. Baadaye Waafrika waliingizwa, na Shaaban Robert mwenyewe akawa mjumbe. Lakini tusiwe wachoyo wa haki, maana Kamati hiyo ndiyo iliyokuja kukitoa kitabu nitakachokieleza sasa hivi, wakati ambapo hakikuwa na mlango mwingine.

Ucheleweshaji ulikuwa adui mkubwa kuliko ukaguzi. Kufikirika aliiandika mwaka 1946, nayo ikatoka mwaka 1967, yaani baada ya miaka 21, na mtunzi alikuwa amekwisha kuzikwa. Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti 3,000 juu ya vita vya 1939 hata 1945, nao ulitoka mwaka huo huo wa 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zikaonekana mwaka 1968. Mtu huyu aliishi na sanduku la miswada kama mkulima mwenye ghala lililojaa na barabara ya kwenda sokoni imekatika. Sisi wa Songea tunaijua hali hiyo kwa mahindi.

Nimefika sasa kwa Siti binti Saad.

Siti alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Baba yake alikuwa na asili ya Kinyamwezi na mama yake ya Kizigua, lakini wote wawili walizaliwa Unguja. Utumwa ulikuwa bado haujafutwa na sheria, maana amri hiyo ilitolewa Unguja mwaka 1897, na jina lile lilikuwa kama muhuri usoni. Kazi ya nyumbani kwao ilikuwa kufinyanga vyungu, na yeye alivichukua kuvitembeza na kuviuza huku akiimba, hata watu wakamjua kwa sauti kabla hajafika mlangoni. Hakupata kusoma wala kuandika. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa kuimba kwa muziki, akaingia katika kundi la wapigaji hodari, na jina la Siti, ambalo ni jina la heshima, likalifunika lile la Mtumwa. Mwaka 1928 alisafiri pamoja na wenziwe mpaka Bombay, Bara Hindi, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Kabla yake hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyekuwa amefanya hivyo kwa Kiswahili. Hata kufika mwaka 1931 sahani zake zilizouzwa zilizidi 70,000. Taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu katika nyumba za wakubwa, yeye aliiimba kwa Kiswahili ikasikika katika mikahawa na mitaa ya Ng'ambo.

Wenye wivu walimtungia wimbo wa kumsimanga asili yake, kwamba mtoto wa shamba asiye na ukoo amekuwa mtu lini. Naye aliwajibu kwa wimbo, kwamba sura si kitu mbele ya akili na sauti. Majibizano hayo watu wa pwani wanayakumbuka mpaka leo, na wengi hawajui kwamba yamebaki salama kwa sababu mtu mmoja aliyaandika.

Muda si mrefu kabla ya Siti kufariki, Shaaban Robert alionana naye, akamwuliza habari za maisha yake, akasikiliza. Siti alifariki tarehe 8 Julai, 1950. Hapa ndipo moyo wangu unaposimama kila ninapofikiri habari hii. Sauti ya Siti ilikuwa imekwisha hifadhiwa katika santuri, lakini santuri haisemi mwimbaji alizaliwa wapi, nani alimfundisha, alilia lini na alicheka lini. Hayo yalikuwa kichwani mwa bibi mmoja mgonjwa asiyejua kalamu. Kama karani yule wa Tanga angeahirisha safari yake mpaka likizo nyingine, angeikuta matanga.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini Shaaban amchague huyu? Masultani walikuwako, mashehe walikuwako, matajiri walikuwako. Katika Kiswahili habari za maisha ya mtu zilizojulikana sana kabla ya hapo ni zile za Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip, aliyejieleza mwenyewe habari za misafara yake ya pembe na vita vyake mpaka Kongo, zikatolewa na Mjerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Hizo ni habari za mtu mwenye bunduki. Shaaban akachagua mwuza vyungu. Kwa maoni yangu uchaguzi huo peke yake ni nusu ya kitabu. Mtunzi wa wasifu hupanga kitabu siku anapoamua nani anastahili kuandikwa, na alipomwandika mwanamke wa asili ya utumwa, asiyejua kusoma, kwa Kiswahili kile kile cha heshima ambacho wengine walikiweka kwa wafalme, alikuwa amekwisha kusema jambo kubwa bila ya kupandisha sauti. Alikuwa mtumishi wa Serikali, na watumishi wa Serikali mwaka 1953 walikatazwa kuingia katika vyama vya siasa. Siasa zake aliziandika namna hii.

Tena kumwandika mtu wa namna hiyo kulikuwa na taabu yake. Mfalme ana barua, mihuri, picha na watu wa kumwandikia tarehe. Siti hakuwa na karatasi. Mwandishi alikuwa na maneno ya mdomo na nyimbo, akalazimika kuyapanga yawe njia moja toka Fumba hata kaburini. Aliziweka nyimbo katika maisha yake kama ushahidi, msomaji aone kwamba wimbo huu ulitoka katika jambo lile. Ziko sehemu ambapo Shaaban anamwacha Siti kidogo na kuingia katika maonyo na hekima zake mwenyewe, na wenzangu wengine wa darasa huchoka hapo. Mimi pia niliona mahali pawili patatu kwamba ningependa kusikia zaidi juu ya safari ya Bombay na machache zaidi ya sifa. Lakini ndivyo alivyokuwa akiandika, na asiyevumilia maonyo ya Shaaban hatapata utamu wake.

Kitabu kilikuwapo, basi, lakini kilingoja. Siti alikufa 1950, na Wasifu wa Siti binti Saad ulitoka mwaka 1958. Nao haukutoka kama kitabu cha dukani. Ulitolewa na ile Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyokuwa wakati huo Makerere, Uganda, kama nyongeza ya jarida lake. Jarida lile lilisomwa na wataalamu wa lugha, maofisa, wamisionari na walimu wachache. Mchukuzi wa bandarini aliyezijua nyimbo zote za Siti kwa moyo hakuliona. Hapo pana jambo la ajabu ambalo mwalimu mmoja alituonyesha: nyongeza iliyofuata mwaka huo huo wa 1958 ilikuwa ni maisha ya yule yule Tippu Tip, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mfinyanzi wa Fumba na mfanya biashara wa pembe na watumwa walipangwa bega kwa bega katika jarida moja, na aliyetangulia alikuwa mfinyanzi.

Habari ya fedha nayo tuiseme, maana watunzi hula chakula kama sisi. Mtunzi hulipwa mrabaha, yaani sehemu ndogo ya bei ya kila nakala inayouzwa, au huuza mswada mara moja na haki yake ikaisha hapo. Vitabu vya Shaaban viliingia mashuleni, vikauzwa Tanganyika, Kenya na Unguja, lakini hakutajirika kwa vitabu. Alipewa nishani ya M.B.E. na Serikali ya Waingereza na nishani ya Margaret Wrong kwa ajili ya utunzi. Nishani ni kitu cha fahari, lakini haipigi chapa mswada. Kwa hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950 alianza kutoa baadhi ya vitabu vyake mwenyewe pale pale Tanga, na Almasi za Afrika ni kimojawapo.

Anayefanya hivyo huchukua kazi zote kwa pamoja. Humlipa mpiga chapa kabla ya kuuza hata nakala moja. Huziweka nakala nyumbani mwake, azilinde na mvua na mchwa. Huandikia wenye maduka na wakuu wa shule, hufunga vifurushi, hulipa stempu, hudai madeni kwa watu anaowaheshimu, na anapomaliza yote hayo ndipo akumbuke kwamba alikuwa mtunzi. Sisi tunaotoa gazeti hili mara moja kwa muhula tunajua kidogo: kupata karatasi tu na mtu wa kuchapa kurasa ni kazi ya wiki mbili, na wanunuzi wetu wako mlangoni. Wake walikuwa wametawanyika toka Lamu mpaka Kongo.

Alikuwa na msaidizi mmoja ambaye nafikiri hakusifiwa vya kutosha. Huyo ni nduguye Yusuf Ulenge, mwalimu, ambaye naye alitunga hadithi. Tangu mwaka 1931 hata 1958 Shaaban alimwandikia barua, na ndani yake mna habari za jamaa, za kazi, na za vitabu na mahangaiko ya kuvitoa. Ulenge hakuzitupa. Alizihifadhi kwa miongo mingi, na mwaka 2002 zikatolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya uhariri wa Profesa Mulokozi. Kwa hiyo mtu aliyeandika maisha ya Siti akapata naye mtu wa kuhifadhi yake. Wazazi wetu walio na masanduku ya barua za zamani chini ya vitanda wasione uchungu nikiwaomba wasiwashie moto wa jikoni.

Nasema hivyo kwa sababu ya mambo ya kwetu. Nduna Songea Mbano na wenziwe walinyongwa na Wajerumani mjini Songea mwezi wa Februari, 1906, katika vita vya Majimaji. Wajerumani waliandika taarifa zao mara moja. Maneno ya wazee wa upande wetu yalikuja kukusanywa kwa mpango mwaka 1968, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotumwa vijijini na madaftari, yaani miaka 60 na zaidi baada ya vita. Walipata mengi, na tunawashukuru. Lakini waliokuwa watu wazima mwaka 1905, na hasa akina mama waliobeba watoto kukimbilia maporini na kuvumilia njaa iliyofuata, wangapi walikuwa hai mwaka 1968? Hapakuwa na karani wa kuwafikia mapema kama Siti alivyofikiwa.

Shaaban Robert alistaafu kazi ya Serikali mwaka 1960. Aliendelea kuandika, akaiongeza habari ya maisha yake kwa sehemu ya pili aliyoiita Baada ya Miaka Hamsini. Uhuru wa Tanganyika aliuona tarehe 9 Desemba, 1961, lakini hakuishi nao sana. Alifariki Dar es Salaam mwezi wa Juni, 1962, akiwa na umri wa miaka 53, akazikwa kwao Machui.

Baada ya kifo chake barabara ikafunguka. Tangu mwaka 1966 kampuni ya Nelson ilianza kutoa mfululizo ulioitwa Diwani ya Shaaban, sehemu mbili za maisha yake zikaunganishwa kuwa kitabu kimoja, na Wasifu wa Siti binti Saad ukatoka jaridani ukawa kitabu cha watu wote, chenye bei na jalada. Kizazi baada ya kizazi cha wanafunzi wa sekondari wamekisoma. Tangu miaka ya 1990 kampuni ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilikitoa tena pamoja na vingine vyake, na safari hii mswada haukuhitaji kupanda meli.

Maktaba yetu ina nakala mbili za Siti, moja imepoteza jalada. Ni kitabu chembamba. Mtu akikianza Jumamosi baada ya usafi wa mabweni atakuwa amekimaliza Jumapili kabla ya kengele ya chakula cha jioni.